Garissa ianze na kilicho chini ya udongo, droni zitangoja

Siku hizi ni shida kukaa katika kikao cha kilimo cha kaunti zetu kavu kikaisha bila mtu kutaja droni. Picha inayooneshwa huwa ni ileile. Angani, ndege ndogo isiyo na rubani inaelea juu ya shamba la kijani. Chini, kigari kisicho na dereva kinapita kati ya mistari ya mboga. Na ndani ya ardhi vimefukiwa vihisi, yaani vidude vidogo vya kupima unyevu, vinavyotuma habari bila waya. Wasikilizaji hupiga makofi, chai ikanywewa, watu wakaondoka. Kule Garissa mkulima wa kandokando ya mto Tana huwasha pampu yake alfajiri na kuizima mafuta yanapoisha, si udongo unapotosheka.

Nataka tuivunje picha hiyo vipande vitatu, tukitazame kila kimoja peke yake, maana vinauzwa pamoja kana kwamba haviachani. Maoni yangu nayaweka wazi mapema: kilicho chini ya ardhi Garissa inakihitaji sasa, kinachotembea haikihitaji, na kinachoruka kinakuja na maswali ambayo hakuna muuzaji atakayeyajibu kwa niaba yetu. Nasema "yetu" kwa makusudi. Maji yapitayo chini ya daraja la Garissa ndiyo hayo yaendayo Bura, Hola na Garsen, mpaka baharini Kipini. Anayewasha pampu kule juu anatugusa sisi wa huku chini.

Tuanze na hesabu. Garissa hupata mvua ya takriban milimita 300 kwa mwaka, na jua lake linaweza kunyonya maji mara kadhaa ya kiasi hicho. Bila mto hakuna shamba. Ukanda wa mto ni wa kijani kweli: ndizi, embe, ndimu, mapapai, tikitimaji, nyanya, vitunguu. Mashamba mengi ni madogo, mengine ni ya vikundi, na mengi hunywa kwa pampu. Sasa, milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni kama lita 4,000. Mkulima akizidisha milimita 20 tu katika umwagiliaji mmoja, kiasi ambacho jicho halikitambui, amevuta lita 80,000 zisizo na kazi. Hayo ni matangi manane ya lita 10,000, na kila tangi lilipandishwa ukingoni kwa dizeli. Mwaka 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita moja ya dizeli ilikuwa imevuka shilingi 200 jijini Nairobi. Tangu hapo bei imekuwa ikipanda na kushuka, lakini mkulima wa pampu hajaisahau miezi ile.

Mbona azidishe? Kwa sababu anauliza udongo wa juu, na udongo wa juu wa Garissa ni mwongo. Jua la saa nne asubuhi likishauchoma unageuka vumbi, huku shubiri mbili chini, kwenye mizizi, bado kuna majimaji ya juzi. Mwenye shamba anaona vumbi, anaogopa nyanya zitanyauka, anaongeza maji. Hasara hapo si ya mafuta tu. Maji yanayozidi hubeba mbolea na kuishusha mahali ambapo mizizi haifiki. Na pale ambapo ardhi ya chini ni nzito, maji hukaa, hupanda tena kwa mvuto wa jua na kuacha chumvi juu. Wenye umri wangu wanaikumbuka Bura. Mradi ule wa pamba, ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977, ulipangwa kufikia hekta 6,700. Hata nusu ya eneo hilo haikufikiwa. Watu husimulia habari za pampu zilizokufa na pesa zilizozidi makadirio, na ni kweli, lakini chini ya mashamba yale kulikuwa pia na tabaka zito lenye chumvi ambalo halikutaka maji mengi. Udongo ulikuwa na neno la kusema. Hakukuwa na chombo shambani cha kulisikiliza siku kwa siku.

Kuna jambo jingine ambalo silisikii likitajwa, nalo ni la jua. Wakulima wengi wanahama kutoka dizeli kwenda pampu za sola, na Garissa ni mahali pake hasa. Si bure kwamba kituo kikubwa cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa huko Desemba 2019. Mimi nafurahi kuona paneli zikichukua nafasi ya moshi. Lakini dizeli, kwa ubaya wake wote, ilikuwa breki. Mtu alizima pampu kwa kuwa mfuko ulimuuma. Pampu ya sola ikishalipiwa haimuumi mtu. Itavuta kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kila siku ya Mungu, na mwenye nayo ataona ni hasara kuizima. Kwa hiyo kadiri nishati inavyokuwa rahisi, ndivyo haja ya kujua udongo umetosheka inavyokuwa kubwa. Anayeleta paneli bila kipimo cha unyevu analeta nusu ya dawa.

Kihisi chenyewe si muujiza. Maji huitikia uga wa umeme mara 80 hivi kuliko hewa, ilhali udongo mkavu huuitikia mara chache tu. Ukipitisha umeme mdogo kati ya vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini unaweza kukisia maji yaliyomo ni kiasi gani. Kazi hii imejulikana kwa miongo mingi. Ugumu uko katika yale maneno "bila waya". Mawimbi ya redio yaliyozoea kusafiri hewani hulemewa yakiwa ndani ya ardhi. Udongo ukilowa huyameza. Ukiwa wa mfinyanzi huyameza zaidi. Ukiwa na chumvi ndio basi. Maana yake ni kwamba kihisi kilichofukiwa pamoja na antena yake husikika vizuri shamba likiwa kavu, kisha sauti yake hufifia pale pale maji yanapomwagwa, saa ambayo ungetaka kukisikia. Wahandisi hujitahidi: hutumia masafa ya chini, hawafukii kwa kina kirefu, na hukubali kwamba ujumbe utafika umbali mfupi tu.

Hapo ndipo roboti na droni zinapoingia katika hadithi. Antena hufukiwa ili trekta lisipite likaivunja. Sauti ikishakuwa dhaifu, basi msikilizaji lazima asogee karibu, na kama shamba ni kubwa, msikilizaji huyo atakuwa mashine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya vihisi vya chini ya ardhi vinavyozungumza na mtambo wa kunyunyizia maji, ule mrefu wenye magurudumu unaozunguka shamba kama mshale wa saa. Mtambo ukisogea, unapokea habari kutoka chini, na kiasi cha maji kinapangwa kulingana na habari hiyo. Ni kazi nzuri sana. Lakini tazama imejibu swali la nani: la mkulima wa mamia ya ekari ambaye hawezi kufika kila pembe ya shamba lake wiki nzima. Mkulima wa ekari mbili pale Garissa hupita kila tuta kila siku, au mwanawe hupita. Msikilizaji anayetembea tayari yupo. Kilichokosekana ni cha kusikiliza.

Kwa hilo hatuna haja ya kwenda Nebraska. Twende Iringa, kwa jirani zetu Watanzania. Kuanzia mwaka 2013, katika skimu za Kiwere na Magozi, wakulima walishirikiana na watafiti kupitia mradi uliofadhiliwa na Australia, uliofanyika pia Msumbiji na Zimbabwe. Walipewa vifaa viwili rahisi. Kimoja ni kama faneli inayofukiwa. Maji yakifika kina chake, kialama huinuka juu ya ardhi. Cha pili kinaitwa Chameleon, yaani kinyonga, na jina limekifaa. Vihisi vyake hufukiwa kwa vina tofauti, nyaya zake zikabaki nje. Mkulima anaunganisha kisomeo na taa zinawaka: buluu ikiwa kuna maji ya kutosha, kijani ikiwa wastani, nyekundu ikiwa mizizi inahangaika. Hakuna namba, wala hakuna haja ya kujua kusoma. Na kwa kuwa kinapima nguvu ambayo mzizi unatumia kunyonya maji, buluu ya kichanga na buluu ya mfinyanzi zina maana moja kwa mmea.

Kilichofuata kinafundisha. Wakulima waliona buluu chini wakati juu ni vumbi. Wakapunguza mara za kumwagilia. Wakagundua kuwa walikuwa wakiiosha mbolea yao wenyewe. Muda uliookolewa ukaenda kwenye kazi nyingine, na ugomvi wa zamu za maji ukapungua. Lakini mradi ule haukuishia kwenye taa. Uliwaketisha wakulima, wanunuzi na maafisa pamoja kuzungumzia masoko, mifereji na pembejeo, kwa sababu mtu hawezi kujali maji ikiwa vitunguu vyake vinaozea shambani. Hapo hakuna droni wala roboti. Kuna nyaya zinazotokeza nje ya udongo, jambo ambalo wauzaji wa "bila waya" wataliona la kizamani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hizo roboti nazo tumeshazionja hapa kwetu, ingawa hatukuziita hivyo. Mitambo ya kunyunyizia inayozunguka yenyewe ndiyo roboti ya kwanza ya shambani, na ilifika Galana-Kulalu, kwenye mpaka wa Kilifi na Tana River, mwaka 2014 ulipoanzishwa ule mpango wa ekari milioni moja. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000, mkandarasi alikuwa Green Arava wa Israel, na gharama ilitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Mahindi yalivunwa, lakini mvutano kati ya kampuni na serikali haukuisha, na mwaka 2019 kampuni ikaondoka. Sisemi mitambo ile ilikuwa mibovu. Nasema mashine inayohitaji fundi wa mbali, kipuri cha mbali na mkataba wa mbali husimama siku mkataba unaposimama. Jembe halina tabia hiyo.

Sasa droni. Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu Kaskazini Mashariki, ukweli ambao vijitabu vya matangazo havina nafasi nao. Mtu wa Garissa, Wajir au Mandera akisikia mvumo angani hafikirii nyanya. Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu droni za kiraia nchini Kenya, ila lazima isajiliwe, anayeirusha awe na kibali, isipande zaidi ya futi 400, na karibu na viwanja vya ndege kuna masharti yake. Mashamba ya mto pale Garissa yako jirani na mji, na uwanja wa ndege uko jirani na mji. Ongeza kambi za jeshi, ongeza mpaka wa Somalia, ongeza kumbukumbu ya Manda Bay, Lamu, Januari 2020. Minara ya simu imelipuliwa na al-Shabaab zaidi ya mara moja katika kaunti hizi, kwa hiyo hata mtandao ambao droni na vihisi vingeutegemea hauna uhakika. Kijana wa kikundi cha wakulima atakayerusha droni bila karatasi kamili atakuwa na bahati akirudi nayo nyumbani.

Bado sijafika kwenye swali lenyewe, nalo ni la ramani. Droni ikipita juu ya shamba haichukui picha ya unyevu tu. Inachora mipaka. Sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ilitaka isajiliwe kwa jina la jamii husika, kazi ambayo imekwenda polepole mno. Katika ardhi isiyo na hati, mwenye ramani ndiye mwenye mdomo. Ikiwa picha safi yenye vipimo iko kwenye kompyuta ya kampuni, na wazee wa jamii hawana nakala, nani atasikilizwa siku ya mzozo? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu. Sioni kama inamlinda mzee anayedai malisho.

Malisho hayo yametufunza somo jingine. Tangu mwaka 2010 kule Marsabit, na kuanzia 2013 Wajir, kumekuwa na bima ya mifugo inayotegemea setilaiti. Chombo kilicho angani kinapima ukijani wa ardhi. Ukijani ukishuka chini ya kiwango, mfugaji analipwa. Wajir ilipata hata bima ya namna ya takaful, na mwaka 2015 serikali ikaingia na mpango wake. Ni jambo la maana, na familia nyingi zilipokea pesa ukame ulipobana. Lakini wafugaji wamelalamika sana kwamba setilaiti huona kijani wasichokiona mbuzi. Mathenge ni kijani. Majani yasiyolika ni kijani. Kipimo kilisemwa na chombo, kikasomwa na ofisi, na mwenye mifugo akaarifiwa mwisho. Nzige walipoingia kupitia Mandera na Wajir mwishoni mwa Desemba 2019, njia ilikuwa tofauti kidogo: ndege zilinyunyizia dawa, ndio, lakini habari za makundi yalipo zilikusanywa pia na watu wenye simu mkononi, kwa programu ya FAO iitwayo eLocust3m. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni nani aliyeshika kipimo.

Tuseme basi Garissa imefanya vizuri: vihisi vimefukiwa, wakulima wanasoma taa wenyewe, kila ekari inatumia maji kidogo. Je, maji hayo yatateremka kuja kwetu? Wengi hudhani hivyo. Mimi nina shaka. Mtu akiokoa robo ya maji yake hairudishi mtoni, anaongeza nusu ekari ya tikitimaji. Ni haki yake, tena ndiyo faida aliyoahidiwa. Lakini shamba likiongezeka kandokando ya mto huziba malka, zile njia ambazo ngamia na ng'ombe huteremkia kunywa. Anayedhani malka ni jambo dogo akumbuke Tana Delta mwaka 2012 na 2013, ambako zaidi ya watu 100 walipoteza maisha katika mapigano ya Waorma na Wapokomo, maji na malisho yakiwa miongoni mwa sababu. Na kule mwisho kabisa, Ozi na Kipini, maji ya bahari yanapanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga pale mto unapopungua nguvu. Teknolojia ya kuokoa maji bila makubaliano ya nani anapewa yaliyookolewa ni njia ya kuhamisha ugomvi kutoka shamba moja hadi jingine. Haki itendeke pia: Garissa si mnyonyaji mkubwa wa Tana. Juu yake kuna mabwawa ya Seven Forks, Masinga likiwa limesimama tangu 1981, na jiji la Nairobi linakunywa kutoka vijito vya bonde hilihili.

Mabwawa hayo yananikumbusha mafuriko, ambayo hakuna muuzaji wa vihisi aliyeyataja mbele yangu. Mwisho wa 2023, kisha Aprili na Mei 2024, Tana ilifurika. Barabara ya Garissa ilikatika pale Madogo na mashamba yakafunikwa. Mto huu hata hauthamini njia yake wenyewe: mwaka 1989 ulihama ukaiacha skimu ya Hola bila maji. Chochote kitakachofukiwa kandokando yake kitapotea siku moja. Basi kiwe cha bei ambayo kikundi kinaweza kukipoteza bila kuuza mbuzi, na kiwe cha aina ambayo fundi wa simu wa mjini Garissa anaweza kukifungua na kukifunga.

Ningekuwa na sauti katika bajeti ya kaunti ningeomba kitu kidogo. Vichaguliwe vikundi vitatu kabla ya mvua za vuli: kimoja cha dizeli, kimoja cha sola, kimoja chenye udongo mzito. Kila kimoja kipewe vihisi vya taa, si vya droni, na daftari la kuandika saa za pampu na mavuno, kwa Kiswahili na Kisomali. Chuo Kikuu cha Garissa kiko pale pale, kina vijana wanaoweza kulisimamia daftari hilo bila kupanda ndege kwenda popote. Na wafugaji wanaotumia malka zilizo karibu waitwe kwenye kikao cha kwanza, si cha mwisho. Baada ya misimu miwili hesabu zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kila kikundi, lita kwa lita. Nakala moja ipelekwe Garsen.